Daktari Bilharz na konokono ambaye hakumwona

Mwalimu wa sayansi anapochora ubaoni maisha ya mnyoo wa kichocho, huanza na mtu aliyesimama kando ya maji. Kutoka kwa mtu huvuta mshale hadi kwenye yai, kutoka kwenye yai hadi kwa konokono, na kwa konokono mshale hupinda ukarudi kwa mtu. Wanafunzi huunakili mchoro huo, hukariri majina yake magumu, na siku ya mtihani huurudisha kama walivyoupokea. Juu yake huandikwa neno bilharzia. Sijui ni wangapi miongoni mwetu, walimu kwa wanafunzi, tuliowahi kufikiri kwamba neno hilo limetokana na jina la mtu. Tena mtu aliyefariki akiwa na umri wa miaka 37 tu, akazikwa katika ardhi ya Afrika, na ambaye katika mchoro ule mzima aliijua nusu moja pekee. Nusu ya binadamu aliifichua yeye. Nusu ya konokono ilimpita.

Theodor Maximilian Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 katika mji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani, ulioko kando ya Mto Danube. Baba yake alikuwa mtumishi katika serikali ya mtawala wa jimbo hilo, na Theodor alikuwa kifungua mimba wa watoto tisa. Tangu ujana wake alipenda kukusanya wadudu. Masomo ya juu aliyaanza katika mji wa Freiburg akayaendeleza Tübingen, ambako insha yake kuhusu damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo ilishinda tuzo. Insha hiyo yatuonyesha alikokuwa ameelekea moyo wake. Alisomea udaktari, naam, lakini kilichomvuta zaidi ni viumbe wadogo na namna miili yao ilivyoundwa.

Aliporejea Freiburg alikuwa chini ya Profesa Carl Theodor von Siebold, mmoja wa mabingwa wakubwa wa Ulaya katika elimu ya minyoo inayoishi ndani ya miili ya wanyama wengine. Zama hizo walikuwapo bado wataalamu walioamini kwamba minyoo huzuka yenyewe tumboni, bila ya mzazi wala yai, kama uchafu uliogeuka ukawa hai. Dhana hiyo ilikuwa imeanza kuporomoka. Mnamo mwaka 1842 mtaalamu wa Denmark, Steenstrup, alikuwa ameeleza kwamba baadhi ya minyoo bapa huishi maisha ya kupokezana: kizazi kimoja hufanana na minyoo tunayoijua, na kizazi kifuatacho, kisichofanana nao hata kidogo, huishi ndani ya konokono. Msomaji alishike jambo hili, kwa maana tutalirudia. Bilharz alipoondoka Ulaya, nusu ya jawabu ilikuwa tayari imo vitabuni mwa walimu wake.

Mwaka 1850 daktari Wilhelm Griesinger, ambaye baadaye alikuja kuvuma sana kwa elimu yake ya maradhi ya akili, aliitwa Misri awe daktari wa mtawala wa nchi hiyo, Abbas Pasha, na msimamizi wa mambo ya afya. Alimchukua Bilharz awe msaidizi wake. Kijana wa miaka 25 akajikuta Cairo, katika hospitali ya Kasr el-Aini, iliyokuwa pia chuo cha udaktari tangu enzi ya Muhammad Ali.

Ni muhimu tujue ni nchi ya namna gani aliyoikuta. Kwa maelfu ya miaka wakulima wa Misri walikuwa wakingoja mafuriko ya Mto Nile mara moja kwa mwaka. Maji yalikuja, yakaacha rutuba, yakapungua, na mashamba yakakauka. Muhammad Ali alitaka pamba ya kuuza ng'ambo, na pamba ilitaka maji mwaka mzima. Kwa hivyo wakulima, wengi wao wakilazimishwa, walichimba mifereji mirefu ambayo haikukauka. Maji yaliyotulia, yenye majani kingoni, na watu waliosimama humo miguu mitupu kutwa nzima: lau mtu angekusudia kuwafugia konokono wa maji baridi na minyoo yao, asingefanya vizuri zaidi. Kukojoa damu, ugonjwa uliokuwapo Misri tangu enzi za Mafirauni, kulikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wavulana waliokojoa damu walihesabiwa kuwa wanabaleghe tu.

Katika hospitali hiyo Griesinger na Bilharz walipata nafasi ambayo madaktari wengi wa Ulaya hawakuipata: maiti nyingi za kuchunguza. Hao waliopasuliwa walikuwa mafukara wa Cairo, wakulima na askari. Majina yao hayajulikani, nami naona ni haki kutamka kwamba ugunduzi huu ulitoka miilini mwao kabla haujatoka katika hadubini ya Mjerumani yeyote.

Ulikuwa mwaka 1851. Bilharz alikuwa akiichunguza damu ya mshipa mkubwa unaokwenda kwenye ini alipoona vijinyoo vyeupe, vyenye urefu wa kama sentimita moja. Mnamo mwezi wa Mei alimwandikia von Siebold habari hizo. Mnyoo bapa anayeishi ndani ya mishipa ya damu ya binadamu! Si tumboni, si katika nyongo, bali ndani ya damu yenyewe. Halikuwa jambo lililotarajiwa. Baada ya miezi michache akaongeza ajabu nyingine. Mnyoo aliyekuwa akimtazama alikuwa dume, na mwili wake ulikuwa umejikunja kwa urefu ukafanya mfereji kama ganda la kunde lililofunguka. Ndani ya mfereji huo amelala jike, mwembamba kama uzi, mrefu kuliko mumewe. Minyoo bapa mingine iliyojulikana wakati ule kila mmoja alikuwa dume na jike kwa pamoja. Hawa walikuwa wawili, wamekumbatiana, na hukaa hivyo kwa miaka ndani ya mshipa wa mtu huku jike akitaga mayai mchana na usiku.

Bilharz alimpa mnyoo huyo jina la Distomum haematobium, yaani mwenye vinywa viwili aishiye damuni. Hakukomea hapo. Mwaka 1852 aliyakuta mayai ya mnyoo huyo katika ukuta wa kibofu cha mkojo, mahali palipovimba na kutoa damu, akaunganisha mambo mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyaunganisha: mnyoo wa damuni na mkojo mwekundu wa watu wa Misri. Griesinger alihesabu. Katika maiti 363 walizozichunguza, 117 zilikuwa na dalili za mnyoo huyo. Karibu theluthi moja ya watu! Tena kijana huyu, katika mwaka huohuo wa 1851, aligundua minyoo mingine miwili ya tumboni ambayo ulimwengu haukuijua: mnyoo bapa mdogo aitwaye Heterophyes na tegu mfupi aitwaye Hymenolepis nana. Wako wataalamu wanaoishi miaka 80 wasipate hata kimoja cha namna hiyo.

Sasa tufike kwenye yai, kwa maana hapo ndipo njia ilipogawanyika. Bilharz aliyachora mayai aliyoyaona. Mengine yalikuwa na mwiba nchani, mengine ubavuni. Alizitambua tofauti hizo lakini hakutambua kwamba alikuwa akitazama mayai ya minyoo ya aina mbili, mmoja wa kibofu na mwingine wa matumbo. Kadhalika aliona kwamba ndani ya yai mna kiumbe hai, na kwamba kiumbe hicho hutoka kikaogelea kwa vinyweleo vilivyoufunika mwili wake. Wataalamu humwita mirasidia. Akishatoka yaini huishi saa chache tu. Hali kitu. Katika gilasi ya maji safi huogelea huku na huko, mwendo wake ukapungua, akafa.

Kilichokosekana katika gilasi ni konokono.

Lau angalikuwamo, na awe wa aina inayotakiwa, mirasidia angaliifuata harufu ya kemikali zitokazo mwilini mwa konokono, akajibandika kwenye nyama yake laini na kuchimba hadi ndani. Hapo hubadilika kabisa. Vinyweleo humtoka, naye huwa kama mfuko usio na kinywa wala macho. Mfuko huo huzaa mifuko mingine, nayo huhamia kwenye ini na kwenye viungo vya uzazi vya konokono, ikinyonya chakula alichojiwekea. Baada ya kama mwezi mmoja, zaidi au pungufu kwa kadiri ya joto la maji, mifuko hiyo huanza kutoa mabuu wenye mikia iliyogawanyika nchani, waitwao serkaria. Yai moja, mirasidia mmoja, konokono mmoja; nao serkaria hutoka mamia, pengine maelfu, kwa siku, wiki baada ya wiki. Wote waliotokana na mirasidia mmoja ni wa jinsia moja, ama madume watupu ama majike watupu, kwa hivyo ndoa ile aliyoiona Bilharz hukutanisha minyoo waliotoka katika mirasidia wawili tofauti.

Konokono hapati faida yoyote. Mara nyingi hukoma kutaga mayai, kwani chakula cha kizazi chake kimekwisha kuliwa na mgeni, na maisha yake huwa mafupi. Asidhaniwe hata hivyo kuwa hana ulinzi. Katika damu yake mna chembe zinazomzingira mvamizi na kumuua, na zikimkuta mirasidia asiyelingana nazo humaliza kazi kwa siku chache. Ndiyo sababu mnyoo wa kibofu hustawi katika konokono wa jamii ya Bulinus tu, na mnyoo wa matumbo katika konokono wa jamii ya Biomphalaria, ambaye gamba lake ni bapa kama kamba iliyoviringishwa. Ukimpeleka mmoja kwa mwenyeji wa mwenzake hafiki popote. Hata miongoni mwa konokono wa aina moja wamo wanaokubali na wanaokataa. Katika ziwa au bwawa mara nyingi ni wachache tu katika kila mia walio na mnyoo, na hao wachache hutosha kuambukiza kijiji. Ongeza jambo hili: konokono hawa kila mmoja ni dume na jike, aweza kujitungishia mayai mwenyewe, kwa hivyo mmoja aliyesalia katika tope baada ya kiangazi aweza kulijaza bwawa upya.

Bilharz hakuyajua haya. Je, tumlaumu? Kuna wanaosema kwamba mwanafunzi wa von Siebold, aliyejua habari za Steenstrup, alipaswa kushuka hadi mferejini na kuokota konokono. Binafsi naona lawama hiyo ni nyepesi mno. Alikuwa daktari wa hospitali, na hospitali humwonyesha daktari mtu mgonjwa, haimwonyeshi bwawa alikoogea. Kila alichokiona kilikuwa juu ya meza ya kupasulia. Tena Griesinger aliondoka Misri mwaka 1852 na kumwachia kazi nyingi. Bilharz akapanda cheo, akawa profesa wa anatomia, na mawazo yake yakahamia kwa kambare wa Mto Nile mwenye uwezo wa kutoa umeme. Kitabu chake kuhusu kiungo cha umeme cha samaki huyo kilitoka Leipzig mwaka 1857 na kikasifiwa sana. Kwa wakati ule huenda yeye mwenyewe alikiona kuwa kazi yake kubwa.

Mwaka 1862 Ernst wa Pili, mtawala wa Saxe-Coburg-Gotha, alifunga safari ya kwenda pwani ya Bahari ya Shamu na nyanda za Uhabeshi, na Bilharz akafuatana na msafara huo hadi Massawa. Huko alishikwa na homa kali. Alirudi Cairo akiwa hoi, na tarehe 9 Mei 1862 akafariki dunia.

Mirasidia wake walibaki bila kwao. Wataalamu waliomfuata walimheshimu kwa jina: mwaka 1856 mmoja wao alimwita mnyoo huyo Bilharzia, ingawa jina la Schistosoma, lililotolewa mwaka 1858, ndilo lililokubaliwa mwishowe katika elimu ya wanyama. Kuhusu njia yake kutoka mtu hadi mtu, ubishi uliendelea kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1881 hadi 1883 Thomas wa Uingereza na Leuckart wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walithibitisha kwamba mnyoo wa ini la kondoo hupitia kwa konokono. Ungedhani sasa mambo yamekwisha. La hasha! Huko Cairo alikuwako Profesa Arthur Looss, mtu hodari aliyekuwa amegundua jinsi mabuu wa safura wanavyopenya kwenye ngozi ya binadamu. Kwa kuwa alikuwa sahihi kuhusu safura, alishikilia kwamba mirasidia wa kichocho naye humpenya mtu moja kwa moja, bila konokono yeyote. Sauti yake ilikuwa nzito, na wengi walinyamaza. Hapa pana somo kwa wale wanafunzi wetu wanaodhani kwamba aliyepata alama zote katika swali la kwanza hawezi kukosea la pili.

Ilichukua vita kulimaliza suala hilo. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki walimpata konokono anayelea mnyoo wa kichocho cha Asia. Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, Looss akapoteza kazi yake Cairo kwa kuwa ni Mjerumani, na serikali ya Uingereza, ikiwahofia askari wake waliojaa Misri, ikamtuma Robert Leiper. Aliwasili mwaka 1915 na kufanya lile ambalo Bilharz hakulifanya: alikwenda kijijini. Katika mifereji ya El Marg, karibu na Cairo, aliokota konokono, akawaweka katika maji, akawaona serkaria wakitoka, akawatia wanyama katika maji hayo nao wakapata minyoo. Aliyepata serkaria wa Bulinus alitoa mayai yenye mwiba nchani. Aliyepata wa Biomphalaria, mwiba ubavuni. Mayai mawili yaliyomtatiza Bilharz yalitenganishwa na konokono wawili. Ilikuwa imepita miaka 64.

Kujua hakukuwa kuponya. Misri iliamua kupambana na mnyoo aliyemo ndani ya mtu, na kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wengi mno walidungwa mishipani dawa ya antimoni. Sindano zilitumiwa tena na tena bila kuchemshwa ipasavyo, zikaeneza homa ya ini ya aina ya C kiasi cha kuifanya Misri kuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi ulimwenguni. Dawa ya tembe iitwayo prazikwanteli, iliyopatikana baadaye, ni salama na rahisi, nayo imekuwa ikigawiwa katika shule zetu nchini Kenya kwenye maeneo yenye kichocho. Humuua mnyoo aliyekomaa. Haiwagusi konokono. Mtoto aliyemeza tembe Jumatatu na akaoga bwawani Jumamosi ameanza upya.

Nasi tunao konokono wote wawili. Bulinus wako Kwale na katika bonde la Mto Tana, na huko ndiko kwenye kichocho cha mkojo. Biomphalaria wako katika mifereji ya mpunga ya Mwea na kandokando ya Ziwa Viktoria, na huko ndiko kwenye kichocho cha matumbo, kinachovimbisha ini na bandama. Mwea yatukumbusha sana Misri ya Muhammad Ali: maji yaliyoletwa kwa ajili ya zao la biashara, mfereji usiokauka, na mkulima aliyesimama ndani yake. Serkaria wa kichocho cha binadamu hutoka kwa wingi mchana, jua linapokaribia utosini, saa ambayo wavulana huvua mashati yao wakajitosa majini. Humpenya mtu ndani ya dakika chache. Asiyepata ngozi ya kupenya huishiwa na nguvu akafa katika muda wa siku moja au mbili, na kwa sababu hiyo Leiper aliwashauri askari wayaache maji yakae saa 48 katika chombo kisicho na konokono kabla ya kuyaogea. Shauri hilo halihitaji fedha, linahitaji mapipa mawili, na ni shule chache nilizozitembelea ambako nimeona likifuatwa.

Hukohuko Misri, katika mkoa wa Giza, iko taasisi kubwa ya utafiti yenye jina la Theodor Bilharz. Humo huchunguzwa ini la binadamu, kibofu chake na damu yake, kama alivyofanya yeye. Na humo pia hufugwa konokono.